Macho ya Kuazima

Rigobert Kalenga si mchawi. Wanaosema hivyo nawajua kwa majina, na vichwa vyao nimevisuka kwa mikono yangu hii. Kama kuna wa kulaumiwa pamoja naye basi ni mimi, maana kidole kilichobonyeza kamera siku ile kilikuwa changu. Nimekaa na jambo hili miaka tisa. Sasa limetoka nje, kwa hiyo acheni nilieleze mwenyewe kabla ya wale wa kanisani kuliongezea chumvi.

Mimi ni Bibiane, msusi. Nina saluni ndogo ndani ya jengo moja la maduka, pembeni ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, hapa Brussels. Nusu ya mbele nasuka. Nusu ya nyuma, nyuma ya pazia la kitenge, nilimpa Rigobert mwaka 2006, kwa sababu alikuwa mtu wa Likasi, kwetu Kongo, mpole, na alikuja na kompyuta yake. Asubuhi alisafisha ofisi kule Etterbeek. Ikifika saa nne alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake, miwani puani. Alizungumza polepole mno. Nilikuwa nammalizia sentensi zake ili siku isonge.

Kazi yake ilikuwa kuokoa picha zilizotoka giza. Ni tabu yetu sisi watu weusi na kamera za dijitali: bibi harusi kavaa nyeupe, au nyuma yenu kuna dirisha, kamera inaona ule weupe, inadhani mwanga umezidi, inaubana, na nyuso zetu zinabaki vivuli vyenye meno. Maduka ya kusafisha picha yalizisahihisha kwa mashine, watu wakatoka rangi ya majivu. Rigobert alifanya kwa mkono. Alinionyesha mara nyingi kwenye kioo cha kompyuta: kuna mchoro kama kilima, na picha ya giza kilima chake chote kimejibana upande wa kushoto. Alikivuta kwenda kulia kidogo kidogo, uso kwanza, halafu shingo, halafu mikono, kila mahali kwa kipimo chake, mpaka unamwona mtu na rangi yake aliyopewa na Mungu. Mteja akiomba ang'arishwe kupita hapo, alikataa.

"Mimi naleta mwangaza," alisema. "Sabuni iko kule mbele, kwa dada Bibiane."

Alinichokoza kwa sababu ya zile krimu nilizokuwa nauza. Siku hizi siziuzi.

Tena hakugusa kamwe picha ya kwanza. Aliinakili, akafanyia kazi nakala, na ile yenyewe akaihifadhi vile ilivyokuja. Baba yake alikuwa na studio Likasi na alimfunza kwamba negatifu haitupwi, hata ikiwa mbaya. Mimi nilimcheka kwa kujaza kompyuta takataka.

Machi 2009 akaja Mwanvua. Ni mwanamke wa Bukavu, anahudumia wazee katika nyumba moja kule Laeken, na nilikuwa namsuka kila mwezi. Mume wake, Désiré, alipotea siku za vita, mwaka 2004, alipotoka kwenda kutafuta njia ya kuwahamisha. Binti yao Mignonne alikuwa na miaka miwili tu. Mwanvua alifika Ubelgiji na mtoto mgongoni, na miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitamka "marehemu." Wiki ile alikuwa amepigiwa simu na mtu aliyeona kwa macho yake Désiré akizikwa kando ya barabara, na watu wasiomjua.

"Bon," aliniambia, "sasa nitafanya matanga."

Hapa Brussels mara nyingi maiti iko mbali, kwa hiyo matanga tunayafanya na picha. Inawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mshumaa huku na mshumaa huku, na watu wanakuja kuilia, kuisalimu, kuiaga kwa jina. Msidhani ni pambo. Siku ile picha ndiyo maiti yenyewe.

Mwanvua alikuwa na picha moja tu ya mumewe, ndani ya CD aliyoifunga katika leso. Ilipigwa kanisani Bukavu na mgeni mmoja Mzungu: Désiré amesimama na kwaya, mgongo wake kwa dirisha kubwa. Dirisha lilikuwa zuri sana. Uso ulikuwa mweusi tii.

"Papa Rigo," alisema, "nguo zake naziona. Sitaki nguo. Nataka macho. Kule porini hakuna muntu wa kwetu alimufunga macho. Nataka aniangalie mara moja, nimufunge mimi mwenyewe, alafu alale."

Mignonne alikuwa na miaka saba, ameketi kwenye kiti changu cha wateja, miguu haifiki chini. Akauliza, "Maman, papa anafanana na nani?" Mama yake alimtazama Rigobert.

Alifanya kazi siku tatu. Uso ukaanza kutoka: paji, pua, mashavu, mdomo uliofunguka kidogo tukadhani anatabasamu. Lakini penye macho hapakutoka kitu ila chenga za zambarau na kijani, kama mchele uliomwagika sakafuni. Kila alipoongeza mwanga chenga ziliongezeka. Ijumaa asubuhi aliondoa miwani akajisugua uso.

"Kamera haikuandika kitu pale, dada. Nitatoa wapi kitu haikuandikwa?"

Na mimi, mwenye mdomo usiokosa neno, nikasema: "Weka macho yoyote. Nani atajua?"

Ndivyo nilivyosema. Sina pa kujificha. Nilimwambia hata ya kwake yanafaa, maana umri ulikaribiana, weusi ule ule, nyusi nene vile vile. Aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Halafu akaja akaketi mbele ya kioo changu, nikawasha taa yangu ya duara, nikaishika kamera, nikampiga picha thelathini. Alichagua moja. Jioni ile Désiré alikuwa anatuangalia kutoka kwenye kompyuta, mzima, mpole, utadhani anataka kuuliza jambo. Nilipiga makofi.

Matanga yalifanyika Jumamosi, katika ukumbi wa parokia kule Etterbeek. Mwanvua alipoingia na kuiona ile picha, alipiga ukelele kwamba ndiye, ukelele ambao bado ninao masikioni. "Njo yeye! Désiré, njo wewe!" Wanawake walimdaka asianguke. Kisha watu wakapita mmoja mmoja, wanaiambia picha maneno yao. Désiré, tuangalie. Désiré, usitusahau. Mjomba mmoja alimwambia kwamba kama kuna aliyemfanyia ubaya, asimwondolee macho huyo mtu mpaka aungame. Mignonne akasukumwa mbele, amevaa soksi nyeupe, akasema, "Bonjour papa."

Rigobert alikuwa amesimama nami karibu na mlango. Sijawahi kumwona mtu akililiwa na huku amesimama.

Jioni, kabla ya kuzima mishumaa, Mwanvua alisogea mezani. Aliweka kiganja juu ya kile kioo cha fremu, kwenye paji, akakishusha taratibu juu ya macho kama tunavyowafanyia wafu wetu. Akarudia mara ya pili. "Lala, Désiré. Nimekufunga."

Rigobert alinikamata mkono mpaka nikaumia. Alikuwa amefumba macho.

"Dada, nimesikia mukono."

"Mukono wa nani?"

"Huu wake. Hapa."

Nilimvuta nje nikamnunulia Fanta, nikamwambia ni njaa. Nilimkemea hata. Lakini niliogopa, na ninaposema niliogopa simaanishi kidogo.

Tangu wiki ile alianza mambo ya taa. Alileta moja, akaleta ya pili, ya tatu, zote zinawaka mchana kweupe. Aliondoa pazia. Nyuma kule kukawa na joto la jikoni. Nilipolalamika aliniambia, bila aibu, kwamba hata kwake analala taa ikiwaka, maana akizima tu ule mkono unakuja, unaanzia kwenye paji. Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili sikucheka.

Alimpigia mama yake Likasi kumweleza, na simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo nilisikia. Yule mama akasema, "Rigobert, macho yako uliiweka ku matanga, na muntu akaifunga? Alafu unaniuliza mimi tutafanya nini?" Akaanza kulia, na salio la simu likaisha.

Maisha hayasimami kwa sababu ya hofu. Harusi zilikuja, ubatizo, diploma. Ila mwaka 2013 mteja mmoja alirudi na albamu ya harusi yake akaibwaga mezani.

"Papa Rigo, umetupaka unga?"

Nilifungua albamu. Gauni la bibi harusi lilikuwa jeupe tupu, halina hata mkunjo mmoja. Nyuso za watu zilikuwa majivu, mashavu yameungua kwa mwanga. Ilikuwa kazi ambayo yeye angemcheka nayo mtu mwingine.

"Zilikuwa giza, dada," alisema Rigobert, mteja alipokwisha kuondoka. "Hata sasa naziona giza."

Kesho yake nilifunga saluni nikampeleka hospitali ya macho. Daktari alieleza vizuri, kwa subira: presha ndani ya jicho, mshipa unaokufa polepole, ugonjwa ambao kwa Kifaransa unaitwa glaucome. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa na matone, asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Alimuuliza ilianza lini. Rigobert akamtajia tarehe ishirini na moja Machi 2009, siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Daktari aliacha kuandika akamtazama.

Mimi naamini madaktari. Naamini pia nilichokiona Etterbeek. Msiniulize nachanganyaje, nimeshazoea.

Chupa ya matone ilikaa mezani haijafunguliwa. "Dawa ya nini?" alisema. "Macho si yangu tena. Nilimupa muntu, na bibi yake akafunga." Aliona njia moja tu: amwendee Mwanvua, amwambie ukweli, ayarudishe macho yake. Na mimi ndiye niliyemzuia. Mignonne alikuwa ametundika ile picha juu ya kitanda chake. Ndiye baba pekee aliyewahi kumwona. Nilimwambia Rigobert kwamba akisema, atamuua Désiré mara ya pili, na safari hii wauaji tutakuwa sisi wawili. Kwa hiyo ilikuwa hivyo: akisema, mtoto anapoteza baba, akinyamaza, yeye anaingia gizani. Alichagua kunyamaza. Kila mwaka aliuvuta mwanga wa kioo chake juu zaidi, akasogeza pua karibu zaidi, na wateja wakapungua.

Oktoba 2018 Mignonne aliingia saluni. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, anasoma shule moja yenye masomo ya picha. Sikuwa na miadi naye. Alisimama nyuma ya mteja wangu, hakuangalia nywele wala mimi. Aliangalia taa yangu ya duara.

"Maman Bibiane, hii taa iko hapa tangu lini?"

"Tangu nilifungua, binti yangu."

Alitoa kompyuta kwenye mfuko akaigeuza kwangu. Jicho moja lilijaza kioo kizima. Katikati ya mboni palikuwa na duara dogo jeupe, na ndani ya duara kivuli cha mtu aliyefunga kilemba.

"Papa walimupiga picha ku kanisa, Bukavu, na dirisha nyuma yake," alisema. "Alors, hii taa inafanya nini ndani ya macho yake? Na huyu mwanamuke, ni nani?"

Chanuo lilikuwa mkononi mwangu. Nilitafuta neno, mimi Bibiane, nikakosa. Kule nyuma kiti kikakwaruza sakafuni. Rigobert alikuja akipapasa ukuta.

"Ni yangu, mama," alisema. "Macho ni ya mimi."

Alimweleza yote, kwa ule upole wake, na safari hii sikummalizia sentensi hata moja. Nilipoona anataka kunificha nikasema mwenyewe kwamba wazo lilikuwa langu. Mignonne alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Kila siku mbele ya kulala nilikuwa naambia papa bonne nuit," alisema. "Donc ni wewe nilikuwa naambia."

"Ni mimi."

"Ulikuwa unasikia?"

Rigobert aliondoa miwani. Machozi yalimtoka kwenye macho yale yale yaliyokuwa pale kwenye kompyuta, na yule mtoto akayaangalia yanavyolia, mara huku mara kule. Mteja wangu alijifunika taulo.

"Negatifu iko?" Mignonne aliuliza.

Ilikuwepo. Miaka tisa, haijaguswa, katika folda yenye jina la Désiré. Alimnakilia. Mtoto akaondoka bila kuaga, na Rigobert akaketi. "Sasa nimemuua," alisema. Wiki mbili zilipita hatukusikia lolote, na wiki mbili hizo sikumuona akila kitu cha maana.

Wakaja Jumamosi adhuhuri, mama na binti. Mwanvua alikuwa amebeba kitu kilichofungwa katika kitenge, amekaza uso. Nilikuwa na mteja mwenye kichwa nusu kimesukwa. Niliweka mikono chini nikajiandaa kupigwa kofi. Nilistahili.

Hakunipiga. Mignonne alitandaza karatasi moja kubwa juu ya meza ya Rigobert.

"Hapa sikuongeza kitu," alisema. "Ku shule kuna programu mupya, inaondoa chenga peke yake. Nilisafisha, nikapandisha mwangaza polepole, vile unafanyaka wewe. Tonton Rigo, ulitafuta macho wazi. Njo maana hukuona."

Niliinama nikatazama. Uso wa Désiré ulikuwa pale, na rangi yake kamili, na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Kope mbili nzima, zimetulia. Hapakuwa na shimo la giza pale, wala kitu kilichokosekana. Kamera ilikuwa imeandika kila kitu.

"Alikuwa anaimba," Mwanvua alisema. "Désiré alikuwa anaimba sauti ya chini. Akifika pa chini kabisa, anafunga macho. Kila mara! Batu ba kwaya walikuwa wanamucheka. Na mimi nilisahau. Miaka yote nalia, nani alimufunga macho, nani alimufunga macho, na kumbe picha niko nayo ku mukono, amefunga mwenyewe, anaimba."

Alicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikafuata, sikuweza kujizuia. Rigobert alikuwa ameinama mpaka pua inagusa karatasi.

"Siyaoni," alisema. "Mama Mignonne, macho yake siyaoni."

"Hakuna ya kuona, tonton," Mignonne akamjibu. "Amefunga."

Mwanvua alifungua kitenge. Ilikuwa ile picha ya matanga, na fremu yake. Aliilaza mezani akaitazama kama unavyomtazama mtu uliyelala naye nyumba moja bila kumjua.

"Basi siku ile nilifunga wewe," alimwambia Rigobert. "Mutu muzima, nikamufunga macho. Yesu wangu."

Akaweka kiganja juu ya kioo cha fremu, chini, penye mashavu, akakipandisha taratibu mpaka kwenye paji. Kisha akamgeukia Rigobert, akamwondolea miwani, akaweka kiganja kile kile kwenye shavu lake akakipandisha vile vile. Mara mbili.

"Fungua. Macho ni yako. Chukua, na hii picha chukua, uweke kwako."

Nitasema kweli: hakuona. Kama mnangoja muujiza, nendeni mkausikilize kwa wale wa kanisani, wanao mwingi. Kilichopotea hakijarudi mpaka leo. Lakini matone anatia, asubuhi na jioni, na daktari anasema kilichobaki kimesimama.

Siku ile, walipokwisha kuondoka, Rigobert alibaki amesimama katikati ya zile taa zake. Akanyoosha mkono akazima ya kwanza. Akasubiri kidogo, kichwa kimeinama, kidole kwenye paji pale ule mkono ulipokuwa unaanzia, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Akazima ya pili, na ya tatu.

"Dada, zima na ile ya duara."

"Nina mteja hapa, nitasukaje?"

"Zima kidogo tu."

Nilizima. Ikabaki ile nuru ya mchana wa Oktoba inayoingia kupitia kioo cha mlango, na nyote mnaijua nuru ya Brussels, haina ukarimu. Mimi nilikuwa namtazama Rigobert usoni, nikiogopa.

"Hivi inatosha," alisema.